Saa Moja Asubuhi, Wimbo wa Msanii wa Mtwara

Msikilizaji wa kawaida anaamini mtangazaji ndiye anayechagua nyimbo. Ndiyo maana msanii akitoa wimbo mpya, mtu wa kwanza kumtafuta ni mtangazaji: atamsubiri getini, atamtumia ujumbe, atamsifia kipindi chake. Lakini kwenye redio iliyojipanga, mtangazaji anaikuta orodha ya nyimbo mezani, na aliyeipanga ni mkuu wa vipindi, mtu ambaye huenda hujawahi kuisikia sauti yake hewani. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa katika redio moja ya FM hapa Mtwara mjini. Nataka kueleza niliyojifunza kuhusu sehemu moja ya kazi yenyewe: nani apigwe, saa ngapi, na mara ngapi. Mengine, kuanzia zamu za watangazaji hadi barua za TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji nchini, nitayagusa njiani tu.

Nilipokabidhiwa kiti, redio yetu ilikuwa na kipindi cha wasanii wa nyumbani kila Jumamosi saa nne usiku. Wakubwa wote walikipenda. Mwenye redio alikitaja kila alipokutana na viongozi wa mkoa. Wasanii nao walishukuru. Siku ya kuhojiwa walivaa vizuri, wakapiga picha studio, wakaondoka na furaha. Wimbo ulipigwa mara moja, msanii akapongezwa, basi, mpaka atakapotoa mwingine. Siku nyingine zote, tangu alfajiri hadi usiku, tulipiga nyimbo zilizokuwa zikivuma Dar es Salaam.

Kilichonisumbua ni kwamba huko mtaani, iwe Magomeni, Chikongola au Mikindani, sikumpata mtu aliyeweza kuimba hata kiitikio kimoja cha wasanii hao. Na nyimbo nyingine zilikuwa nzuri kwelikweli. Nilipouliza, jibu lilikuwa lilelile: "Kaka, wa kwetu bado hawajafikia kiwango." Mimi nikaona hukumu hiyo imetolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Wimbo uliopita hewani mara moja, usiku wa Jumamosi, watu wakiwa ngomani au wamelala, haujapata nafasi ya kupendwa wala ya kuchukiwa.

Nikaanza kusoma namna redio za nchi nyingine zinavyopanga muziki. Zilizonifundisha zaidi ni redio za rock ya kisasa za Marekani. Muziki wenyewe haupigwi sana huku kwetu na sikuwa na nia ya kuuleta. Nilivutiwa na tatizo lao, maana lilikuwa ndugu wa tatizo langu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 redio kubwa za rock kule zilikuwa zimeridhika na bendi zilezile za miaka iliyotangulia. KROQ ya Los Angeles, chini ya mkuu wake wa vipindi Rick Carroll, ikachukua bendi changa ambazo hazikujulikana, nyingi kutoka Uingereza, ikazipanga kwa nidhamu ileile iliyotumiwa na redio za nyimbo zinazotamba. Bendi ngeni haikusubirishwa hadi usiku wa manane. Ilipigwa mchana, ikarudiwa, ikarudiwa tena.

Redio nyingine ya aina hiyo, 91X, iliingia kwenye mtindo huo mwaka 1983. Mnara wake ulikuwa Tijuana, Meksiko, na wasikilizaji iliowalenga walikuwa San Diego, ng'ambo ya mpaka. Sisi tunaorusha matangazo jirani na mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1988 jarida la Billboard likaanzisha chati ya peke yake ya nyimbo zinazopigwa na redio za rock ya kisasa, na Januari 1992 albamu ya Nirvana, bendi ambayo hapo mwanzo ilijulikana kwenye redio za vyuo na redio za namna hiyo, ikamwondoa Michael Jackson kileleni mwa chati ya albamu za Marekani. Huwezi kusema redio peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Lakini kuna watu walioketi kwenye kiti kama changu, wakaamua kwamba jambo lisilojulikana litapigwa saa ambayo watu wako macho.

Uamuzi wangu wa kwanza ukawa kukifunga kipindi cha Jumamosi usiku na kuziingiza nyimbo za wasanii wa Mtwara na Lindi kwenye mzunguko wa kila siku, saa moja asubuhi zikiwemo.

Kelele za mwanzo zilitoka kwa watangazaji wenyewe. Wiki ya pili tu mtangazaji wa mchana akaja mezani kwangu: "Bosi, huu wimbo wa kijana wa Mikindani umechosha. Nimeupiga jana, nimeupiga leo, na kesho upo tena." Hakuwa anatania. Alikuwa amechoka kweli, na hapo ndipo ilipo siri kubwa ya kazi hii ambayo sikuifahamu nilipokuwa mtangazaji: mtangazaji huuchoka wimbo wakati msikilizaji ndiyo kwanza anaanza kuutambua.

Tulikaa tukapiga hesabu kwenye ubao. Tuseme tuko hewani saa kumi na nane kwa siku. Wimbo tunaouita wa moto tunaupiga mara sita, maana yake unarudi kila baada ya saa tatu hivi. Sasa mchukue dereva wa bodaboda. Anasikiliza redio vipande vipande, akiwa kijiweni anasubiri abiria, akila chakula cha mchana, akirudi nyumbani. Ukijumlisha vipande vyake vyote huenda hupati zaidi ya saa moja na nusu. Mtu huyo anakutana na wimbo wetu kama mara moja kila siku mbili. Kwa wiki nzima ameusikia mara tatu au nne, na nusu ya mara hizo alikuwa anapatana nauli na mteja. Mtangazaji aliyeko studio, ambaye akifika nyumbani anafungulia redio ileile, ameusikia mara ishirini. Wawili hawa hawawezi kuwa na sikio moja, na mkuu wa vipindi analipwa ili awe na sikio la yule wa kijiweni.

Aliyemaliza mabishano ni fundi mitambo wetu, mzee aliyekulia enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Alikuwa kimya pembeni anafunga waya. Akasema, "Wanangu, hizo mnazoziita zilipendwa, mnadhani zilizaliwa zimependwa? Redio ilikuwa moja Tanzania Bara nzima. Bendi ikirekodiwa pale RTD, wimbo unapigwa mpaka mtoto wa chekechea anaujua." Alikuwa sahihi. Redio binafsi zilikuja baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na Radio One ilianza mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kizazi kizima kilijifunza nyimbo zake kwa kurudiwa na mlango mmoja. Tunapowalilia wasanii wa zamani na kuwabeza wa sasa, tunasahau ni mara ngapi tuliwasikia wale wa zamani kabla hatujawapenda.

Kurudia kuna namna yake, hata hivyo. Mkuu wa vipindi anachora saa moja ya matangazo kama duara, anaigawa: muhtasari wa habari hapa, matangazo ya biashara hapa, nyimbo hapa na hapa. Katika duara langu wimbo wa msanii asiyejulikana haukufungua saa, na haukufuata matangazo ya biashara, kwa sababu hapo ndipo mkono wa msikilizaji unapokwenda kwenye kitufe. Niliuweka katikati ya nyimbo mbili ambazo kila mtu anazijua, kama mgeni anayeingizwa ukumbini ameshikwa mkono na wenyeji wawili. Na nilikataza maneno ya huruma. Hakuna kusema "sasa tuwape moyo vijana wetu." Wimbo wa supastaa wa Dar hautambulishwi kwa kuombewa, kwa hiyo wa kijana wa Mikindani hautaombewa. Taja jina la msanii, taja jina la wimbo, piga. Ukimaliza, taja jina tena. Naamini katazo hilo liliwasaidia wasanii wetu kuliko mahojiano yote ya Jumamosi, kwa sababu msikilizaji hupokea adabu ile unayoionyesha wewe kwa unachompa.

Si kila wimbo uliingia. Vijana wengi hurekodi kwenye studio za chumbani, na mara nyingi kasoro ilikuwa ya kiufundi: sauti ya mwimbaji imezama chini ya biti, au wimbo wote umepandishwa sauti mpaka unakwaruza. Mitambo ya redio huubana muziki ili sauti isipande na kushuka ovyo, na wimbo ambao tayari umebanwa kupita kiasi ukipita humo unatoka umechafuka. Kulikuwa pia na tabia ya kuleta wimbo uliopita kwenye WhatsApp mara kadhaa. Kwenye simu unavumilika. Ukiupiga baada ya wimbo uliorekodiwa vizuri, hata asiyejua chochote kuhusu studio anahisi umepoa. Nikawaita maprodyuza wachache wa mjini, tukakaa nao kwenye chumba cha uzalishaji, tukawapigia kazi zao hewani zikipakana na nyimbo nyingine. Hawakuhitaji hotuba. Mmoja alisikiliza kazi yake mwenyewe, akainamisha kichwa, akasema, "Kaka nipe wiki moja." Aliporudi, sauti ya mwimbaji ilikuwa imetoka mbele na ngoma ya sindimba aliyokuwa ameiweka nyuma ya biti ikasikika waziwazi. Wimbo ule niliuweka kwenye kundi la kwanza siku hiyohiyo.

Kuchagua sikukufanya peke yangu. Kila Jumanne mchana tuliwakaribisha watu ambao si wa redio: fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mama lishe wa jirani, mwanafunzi wa chuo, wakati mwingine mvuvi aliyeshinda nchi kavu kwa sababu ya upepo. Tuliwapigia kiitikio na ubeti mmoja wa kila wimbo bila kuwatajia msanii, kisha tukauliza swali moja: ukiusikia huu redioni utauacha au utahamisha? Siku moja mama lishe aliniambia jambo ambalo nimelitumia kuwafundishia wengine tangu hapo.

"Wa pili huo, mwanangu, urudie."

"Umeupenda, mama?"

"Sijaupenda bado. Ila nataka kuusikia tena."

Majibu ya watu wazima kwa muziki mpya ndivyo yalivyo mara nyingi. Anayesema "sijaupenda bado" amekufungulia mlango. Anayesema "mzuri" haraka haraka, macho yakiwa kwenye simu, ameshaondoka.

Wimbo wa kijana wa Mikindani ulichukua muda. Wiki za mwanzo hakuna aliyepiga simu kuuomba wala kuutukana. Kisha, kwenye kipindi cha salamu, ujumbe ukaanza kuingia, na watumaji hawakumtaja msanii kwa jina. Walisema tupigieni ule wimbo wa asubuhi. Baada ya hapo nikausikia kwa watoto pale Shangani, wakiimba maneno waliyoyabuni wenyewe mahali ambapo hawakuyashika ya kweli. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kuaminika kuliko vyote. Wimbo ukiimbwa kwa makosa na mtoto, umeshahama redioni.

Sitaki mtu asome hapa akadhani ukipiga kitu mara nyingi kitapendwa tu. Wakati uleule tulikuwa na wimbo wa dada mmoja wa Masasi ambao mimi binafsi niliupenda sana: sauti safi, mashairi mazito, gitaa la polepole. Tuliupa nafasi ileile, saa zilezile, wiki zilezile. Haukuombwa. Jumanne baada ya Jumanne watu walisema watahamisha. Tukautoa, na nilimpigia dada yule mwenyewe kumweleza, kwa sababu msanii hapaswi kugundua kwa kunyamaziwa. Alijibu kwa utulivu, "Nimekuelewa kaka. Angalau nimejua." Hapo awali, kwa mtindo wa Jumamosi usiku, asingejua kamwe. Angebaki miaka anajiuliza kama ni wimbo au ni redio.

Ukishajulikana kuwa ndiye mwenye orodha, maisha yako mtaani yanabadilika. Bahasha zinakuja zikiitwa za soda au za nauli. Na kwa watu wenye heshima zao, haji msanii, anakuja mjomba wake. Nakumbuka mzee mmoja alifika ofisini, nikamwamkia, akakaa, akauliza habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo akasema, "Mwanangu, huyu kijana ni damu yetu. Usimwache." Huwezi kumjibu mzee kama huyo kwa ukali. Nilimwambia, "Mzee, hata mimi natamani asiachwe. Lakini wanaoamua ni wale wa Jumanne, na mimi mwenyewe nina kura moja. Mlete kijana auache wimbo mapokezi, utasikilizwa na wote." Utaratibu ulionilinda ni huo: nyimbo zote zinapokelewa mapokezi, zinaandikwa kwenye daftari, zinasikilizwa na kundi lilelile. Mkuu wa vipindi anayeamua peke yake chumbani hana cha kumjibu mjomba wa mtu.

Daftari likaja kuwa na kazi nyingine. Mwanzoni mwa 2022, mirabaha, yaani malipo ya msanii kwa nyimbo zake zinazopigwa redioni na kwenye televisheni, ilipogawiwa kupitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wasanii wetu wakaanza kuuliza kama kazi zao zimesajiliwa na kama redio inaandika ilichopiga. Wengi walikuwa hawajasajili. Tulitumia vipindi kadhaa kueleza hatua zake, na nashauri kila redio ya mkoani ifanye hivyo, maana kijana wa Tandahimba hataijua habari hii kwa njia nyingine yoyote.

Kuna siku moja somo la kurudia lilitoka nje ya muziki kabisa. Aprili 25, 2019, siku moja kabla ya sikukuu ya Muungano, kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja upande wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari, serikali ya mkoa ikaagiza shule na sehemu za kazi zifungwe na watu wa mabondeni na ufukweni waende sehemu salama. Tulifuta ratiba yote. Nikaandika taarifa fupi: nini kinakuja, nani ahame, aende wapi, abebe nini. Nikaagiza isomwe kila robo saa kwa maneno yaleyale.

Baada ya kusoma mara chache, watangazaji wakaanza kutaka kuibadilisha. Mmoja alitaka kuongeza methali, mwingine aliona aibu kusoma karatasi ileile. Niliwakatalia wote. Kila robo saa kuna mtu ndiyo kwanza anafungua redio, na kuna mwingine aliyesikia nusu, akamwita mkewe aje asikilize. Huyo mke akija akakuta maneno tofauti, atadhani taarifa imebadilika, na kwenye hali kama ile mabadiliko ya neno moja yanamrudisha mtu nyumbani au yanamtoa. Katikati ya taarifa hatukuacha ukimya, kwa sababu redio ikinyamaza siku ya hatari watu hudhani mnara umeanguka. Tulipiga dansi za zamani za taratibu, nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Siku ile haikuwa ya kujaribu wimbo mpya. Matangazo ya tamasha na ya promosheni niliyasimamisha, na mwenye redio, nasema hili kwa heshima yake, hakuuliza habari za fedha.

Jioni ile kimbunga kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako wenzetu waliumia vibaya. Mtwara ilinusurika na makali yake. Kwa siku kadhaa baadaye tulipokea ujumbe wa watu waliokuwa wakitafuta habari za ndugu zao ng'ambo ya Ruvuma, na tuliusoma wote.

Majira ya mwaka nayo yanapanga muziki kuliko programu yoyote ya kompyuta. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, fedha inaingia vijijini, matangazo ya mabati na pikipiki yanajaa, na wasanii wakubwa wa Dar wanakuja kufanya matamasha. Miezi hiyo msikilizaji yuko tayari kwa nyimbo za kasi na majina mapya. Siku ya mnada hataki chochote kirefu kabla hajasikia bei ya kilo. Tulijifunza kutoa bei kwanza, muziki baadaye. Katikati ya mwaka, mikorosho ikitoa maua na watu wakipuliza salfa, mfuko umekauka na kazi ni nyingi. Nyimbo za kuliwaza zilifanya vizuri zaidi. Mwezi wa Ramadhani tuliondoa nyimbo za mapenzi mchana, tukaweka kaswida na mawaidha hadi futari, na wasanii wenye busara hawakuleta wimbo mpya mpaka Idi ipite.

Na kuna milima. Matangazo ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo mtu aliye kwenye uwanda wa juu wa Makonde anaweza kutupata vizuri na jamaa yake aliye bondeni, kilomita chache tu chini, asipate kitu. Msikilizaji mmoja wa Newala alitueleza kwamba akisimama upande wa Shimo la Mungu anapata redio za Msumbiji zinazozungumza Kireno kuliko anavyotupata sisi. Nilizingatia hilo kila nilipopanga salamu na habari za wilaya. Usimwahidi mtu kipindi ambacho mnara wako haumfikishii.

Mjadala mgumu kuliko yote niliufanya na mwenye redio, na uliendelea kwa muda wote niliokuwa pale. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: redio za Dar zina wasikilizaji wengi, tuige orodha yao, wateja wa matangazo watakuja. Mimi nilimwambia hivi, kwa maneno karibu na haya: "Mzee, redio za Dar zinasikika hapahapa Mtwara. Zina studio bora, zina majina, zina zawadi. Mtu anayetaka orodha yao tayari anayo. Akitufungulia sisi, anatafuta asichokipata kule." Nikamweleza yaliyotokea Marekani baada ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 kuondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Hapo awali kikomo kilikuwa redio 40. Miaka michache baadaye kampuni moja, Clear Channel, ilikuwa na zaidi ya 1,200. Redio nyingi zikawa zinapangiwa nyimbo kutoka mbali na mji zinamosikika, zikiwemo zile za rock ya kisasa zilizokuwa zimejengwa na watu wenye masikio ya mjini kwao. Mwenye redio hakukubaliana nami kwa kila kitu. Tulifikia mapatano: nyimbo zinazovuma nchini zibaki nyingi, na katika kila saa ya mchana pawe na nafasi za nyumbani ambazo haziguswi na mtu wa mauzo. Nafasi hizo nilizilinda kwa nguvu zangu zote, na nina fahari nazo kuliko kitu kingine chochote nilichofanya kwenye redio ile.

Jambo ambalo sikulifikisha nilipotaka ni lugha. Kanuni zinataka utangazaji uwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na watangazaji wetu walizifuata. Lakini vijana wanaochanganya Kimakonde, Kimwera au Kiyao kwenye mashairi ni wengi, na wanaandika vizuri humo kuliko wanapojilazimisha kuimba kama watu wa Kinondoni. Nyimbo ambazo Kiswahili kilibeba kiitikio tuliziingiza, na kundi la Jumanne lilizipokea kwa shangwe ambayo sikuitarajia, hasa wazee. Palikuwa na nafasi ya kwenda mbali zaidi, kutenga muda wa kueleza maana ya mashairi hayo kwa Kiswahili kabla ya wimbo kupigwa, ili mtu wa Kilwa au Nachingwea naye aingie ndani.

Aliyepokea kiti changu ni dada aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha jioni, yuleyule ambaye wakati mmoja alitaka kuongeza methali kwenye taarifa ya kimbunga. Ameendelea na Jumanne, ila ameihamishia sokoni, kwa sababu anasema mtu akiletwa studio anakuwa na adabu mno kusema wimbo ni mbaya. Amepunguza kundi la nyimbo za moto likawa dogo kuliko langu, na zinarudi haraka zaidi. Juzi alinipigia kuniuliza kuhusu wimbo mmoja wa vijana wa Lindi wenye ngoma za jando ndani yake: watu wa sokoni wamegawanyika nusu kwa nusu, watangazaji wote wanaukataa. Nikamuuliza ameshaupiga wiki ngapi. Akasema haujaingia hewani bado. Kuanzia Jumatatu anauweka saa moja na robo asubuhi.